Mwaka Tuliokwenda Kedowa Kununua Viazi

Mwaka jana tulimzika Mama Wairimu huko Kedowa, nyuma ya nyumba yake, karibu na shamba la karoti. Nilifika mapema, nikapata kiti cha plastiki safu ya nne, na hapo nikaketi kuanzia saa nne hadi saa nane nikisikiliza watu wakiitwa waseme walimjuaje marehemu. Mwendesha shughuli alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Aliita jamaa, wakasimama. Akaita akina mama wa kanisa, wakasimama na leso zao. Waliitwa wauguzi aliofanya kazi nao kabla ya kustaafu, wanawake wa chama cha soko, majirani, hata waliowahi kuwa wapangaji wake. Kila kikundi kiliposimama na kuketi niliona kuna watu waliobaki wameketi tu, na wengi wao walikuwa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wametawanyika katika hema lote, hawajuani, wote wakitazama nyasi. Yule kijana naye akawaona. "Na hawa wengine ni akina nani? Msione aibu, simameni tuwajue!" Hakuna aliyesimama. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani. Ndipo binti wa marehemu alipochukua kipaza sauti akasema, "Hao ni wageni wa mama. Waache tu wakae." Hapo ndipo nilipolia, na sikuwa nimelia jeneza lilipopita.

Nami nilikuwa mmoja wa wageni hao, na habari ya jinsi nilivyofika kwake sijawahi kuisimulia. Nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi huko Kiptere, nimeolewa miaka mitatu na Ng'eno, karani wa kituo cha kununulia majani chai. Mimi ni Mkisii wa Chepilat, yeye ni Mkipsigis wa papo hapo Kiptere. Nani alikubali tuoane na nani alikataa, hayo niyaache, maana kila ukoo una maneno yake na mengi yamekwisha kusahaulika. Nitaanzia Machi ya mwaka ule, mvua za kwanza ziliponyesha na majani chai yakaanza kuchipuka upya, na mimi nikapelekwa hospitali mjini alfajiri nikiwa na mimba ya miezi minane, mtoto wetu wa kwanza. Walinipa dawa ya usingizi wakanipasua. Nilipoamka tumbo lilikuwa limeshuka na Ng'eno alikuwa ameketi kando ya kitanda, koti lake limekunjwa mapajani. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akaniambia alikuwa msichana na hakupumua. Nikauliza tena, yuko wapi. "Nimempeleka nyumbani," akasema. "Akina mama wamemzika."

Niliporudi Kiptere, mama mkwe alinishika mkono akanionyesha mahali penyewe, mwisho wa shamba, pale safu za chai zinapokutana na ua wa jirani. Palikuwa na jiwe la ukubwa wa mkate. Mama mkwe hakusema kitu, nami nilidhani ni heshima. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nikawa napita pale. Nilipanda maua, nikayamwagilia siku ambazo mvua haikunyesha, nikaongea na mtoto wangu kwa Kikisii kwa sababu ndiyo lugha niliyoimbiwa mimi. Jioni wakati wa chakula nilimweleza Ng'eno: leo maua yamefunguka, leo nimeng'oa magugu. Yeye alitazama sahani. Alikuwa mtu wa kula vizuri, mtu ambaye ugali ukibaki huukwangua, lakini sasa alimega matonge mawili akanyanyuka. Halafu akawa haketi kabisa. Anatoka kituoni, ananawa, anasema, "Nasalimia mama," na anarudi ameshiba. Pale kwenye jiwe hakufika hata siku moja. Kituo kilikuwa upande huo, mwendo wa dakika tano, lakini yeye alizunguka kwa njia ya juu, robo saa nzima, avuke kijito, arudi tena chini. Mimi niliona mwanamume asiye na moyo. Nilimchukia, na nasema hivyo bila kupunguza, kwa kuwa wakati ule ndilo neno lililokuwa kifuani mwangu.

Mwanamume mwenye mke kula kwa mamake si jambo dogo kule kwetu, wala kule kwao. Ni kama kumfukuza mke bila kufungua mdomo. Mwezi wa Juni nilienda kituoni kupeleka majani ya mama mkwe, na nikiwa nimeinama nyuma ya magunia nikawasikia wanawake wawili kwenye foleni ya mizani.

"Karani amekonda."

"Atakonda aje na anakula kwa mamake?"

"Kwani yule mwalimu hapiki?"

"Anapika. Lakini si unajua, mtu akishakataa mkono wako, hata upike nyama."

Nilikaa vile vile nimeinama mpaka wakapimiwa wakaondoka. Jioni ile nilimfuata Ng'eno hadi mlangoni kwa mamake, nikamwita nje, nikamwambia kuna njia mbili tu: tutafute mtu wa kutusikiliza, au mwisho wa mwaka nirudi Chepilat na tusitafutane. Akasema, "Tutafute."

Wapi pa kuanzia, hilo halikuwa na mjadala. Watu wa kanisa letu wakifunga ndoa husimamiwa na mume na mke waliokomaa, na hao wasimamizi ndio huwa wazazi wenu wa ndoa mpaka kufa. Ugomvi wote hupita kwao kwanza. Wasimamizi wetu walikuwa Mzee Elijah na mkewe Rael. Tulienda Jumapili baada ya ibada. Sebule yao naikumbuka yote, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, redio imevalishwa kitambaa chake, na picha ya harusi yetu ukutani, sisi wawili katikati na wao kando wakitabasamu kutuzidi. Rael alileta chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha. Mzee Elijah alisubiri mpaka kila mtu ameshika kikombe.

"Sasa watoto wangu, semeni. Sisi ndio tulisimama na nyinyi mbele ya Mungu. Hapa hakuna kuficha. Si mnajua, mficha uchi hazai."

Rael alimkanyaga mguu chini ya meza, nikaona. Maskini mzee, alikuwa ametumia methali kama kila mtu anavyoitumia, na neno likatoka kabla hajakumbuka anaongea na nani. Alikohoa, akasema tuombe, na akaomba mpaka chai ikapoa. Kati ya amina na kuaga tulimweleza machache: kwamba hatuongei, kwamba Ng'eno hali nyumbani. Aliahidi kutubeba katika maombi. Kosa letu ni kwamba hatukumuuliza atatubebea wapi. Jumapili iliyofuata alisimama mbele wakati wa maombi ya watu wote, akafunga macho kwa upole, akasema, "Tukumbuke nyumba moja changa hapa kwetu, ambayo shetani ameingia jikoni, mume anakula kwa mamake." Hakutaja jina, kwa uaminifu kabisa. Sasa Kiptere ilikuwa na nyumba changa ngapi zenye habari hiyo? Niliona vichwa vikigeuka polepole, wengine wakiwa bado wamefumba jicho moja. Jumanne wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wanajua. Ng'eno alikuja nyumbani siku ile, akaketi kizingitini, akasema, "Afadhali tungepeleka kwa redio." Nilicheka bila kutaka, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi. Leo nawaza kwamba kama Mzee Elijah angetunza siri huenda tungeishia kwake, tukaombewa mpaka tukazeeka, kila mtu na sufuria yake.

Baada ya hapo tulikubaliana jambo moja, atakayetusikiliza asiwe mtu wa karibu. Lakini kumpata huyo ni kazi, na watu wakiniambia leo kwamba washauri wamejaa kila mji, huwa nawauliza, wamejaa kwa nani? Wa kwanza alikuwa kijana mjini Kericho, ghorofa ya pili, viti vinavyozunguka na ubao mweupe. Aliongea Kiingereza tupu. Alimuuliza Ng'eno anajisikiaje, Ng'eno akasema, "Fine." Akamuuliza tena kwa maneno mengine, naye akajibu vile vile. Mwishoni akatupa kazi ya nyumbani: tutoke, tule nje, sisi wawili tu, tutazamane. Tulitii. Tukaingia hoteli moja hapo mjini, na kabla chipsi hazijafika wakulima watatu walikuwa wamemwona karani wao na kuvuta viti, wakimuuliza kwa nini mizani ya kituo inapenda majani ya asubuhi yenye umande. Tuliporudi kwa yule kijana alituuliza kama tulitazamana. Hatukurudi tena. Wa pili alikuwa mama wa Kikisii, mwenye sifa nzuri. Alinisalimia kwa lugha yetu nikafurahi sana, lakini Ng'eno aliketi kama mtu aliyeitwa kwa chifu, na yule mama alipoanza sentensi kwa "Na nyinyi Wakipsigis...", nilijua tumemaliza. Wa tatu alipendekezwa na Ng'eno, mchungaji mstaafu wa upande wa Bomet, mzee mwenye busara kweli. Alitupokea na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akaongea Kikipsigis cha ndani kilichojaa mifano, wanaume wakaelewana kwa kutikisa vichwa, na mimi ninayejua Kikipsigis cha sokoni na jikoni nikabaki nahesabu nzi. Njiani Ng'eno aliniuliza nimeonaje. Nikamwambia nimeona kesi imeamuliwa na sijui nimefungwa miaka mingapi.

Aliyetuambia habari za Kedowa ni muuguzi wa kliniki nilikoenda kuangaliwa kidonda cha upasuaji kilichokawia kupona. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Kuna mama huko," akasema akiwa anafunga bendeji. "Alikuwa sista wetu wa wodi, akastaafu, akasomea ushauri. Si wa kwenu, si wa kwao. Na haongei."

"Haongei? Sasa anashauri aje?"

"Anauliza tu."

Kutoka Kiptere mpaka Kedowa unavuka Kericho yote na kupanda juu kwenye baridi, na hilo lilitufaa: hakuna aliyetujua. Lakini watu wawili waliokuwa hawaongei wakiondoka pamoja kila Jumamosi ya pili, Kiptere itataka maelezo. Tukasema tunaenda kununua viazi, kwa kuwa Kedowa ni viazi, kabichi na karoti barabarani mwanzo hadi mwisho. Na ukishasema unaenda kununua viazi, lazima urudi navyo. Kuanzia Agosti mpaka Novemba tulirudi na ndoo baada ya ndoo. Tulivila vya kuchemsha, vya kukaanga, vya kupondwa na mahindi. Tuliwagawia walimu wenzangu. Vilichipua chini ya kitanda. Siku moja mama mkwe alisimama mlangoni akavitazama.

"Hii viazi yote mnalisha nani? Kwani Kiptere hakuna viazi?"

"Ya Kedowa ni tamu, mama," Ng'eno akasema.

"Ni tamu na wewe unakula kwangu?"

Siku ile alikula kwetu, viazi vitatu, amesimama.

Mama Wairimu alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Ungeingia kama unayenunua panadol, upite pazia, na hapo kuna viti vitatu vya mbao vyenye mito, chupa ya chai, na dirisha linalotazama magunia. Redio aliiweka nje ya mlango, stesheni ya Kikikuyu kwa sauti ya juu, ili anayengoja dawa asisikie yaliyo ndani. Alikuwa mnene, mwenye miwani ya kamba, na mikono iliyokuwa haitulii. Siku zote alikuwa anafuma kitu cha manjano ambacho sikuwahi kukiona kikiisha. Siku ya kwanza alitupa masharti mawili. La kwanza, Kiswahili tu. "Mimi Kikikuyu changu nimeacha huko nje na redio," akasema. "Nyinyi acheni zenu hapo mlangoni. Kwa Kiswahili sisi wote ni wageni, hakuna mwenye nyumba." Nilidhani ni mzaha. Lakini nimefundisha lugha hiyo maisha yangu yote na ni pale nilipogundua kwamba sijawahi kutukanwa na mtu wa kwetu kwa Kiswahili. Maneno yanayochoma nilikuwa nayo kwa Kikisii, Ng'eno alikuwa nayo kwa Kikipsigis, na tulipoyaacha nje tulibaki na maneno ya kawaida tu, yale ya kuulizia njia. Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. "Hapa hakuna 'hunipendi', hakuna 'hujali'. Hizo hukuziona. Sema kitu umeona na macho yako. Mwenzako arudie, ndio aongee yake."

Nikaanza mimi. "Nimeona anapita njia ya juu, ile ndefu, ndio asipite kwa mtoto."

"Rudia," Mama Wairimu akamwambia.

"Ameona napita njia ya juu ndio nisipite kwa... hapo," Ng'eno akasema.

"Hapo wapi?"

"Kwa mtoto."

"Haya. Na wewe umeona nini?"

Kwa redio walikuwa wanatangaza vifo. "Nimeona anabeba maji kwenda pale. Nimeona anapiga magoti. Kila siku. Siwezi kuangalia."

Nami nikarudia, nimeona anabeba maji, nimeona anapiga magoti, na kusema maneno ya mtu mwingine juu yako mwenyewe kunakufanya ujione kutoka mbali. Tuliendelea hivyo Jumamosi nyingi. Sitadanganya kwamba kila mara tulitoka tumefunguka. Mara nyingine tulitoka tumekasirika zaidi tukanunua viazi bila hata kubagua vilivyooza. Lakini Ng'eno aliyesema "Fine" mara kumi kule ghorofani, hapa alisema sentensi mbili, halafu nne. Mimi niliacha kumwita jiwe, kichwani mwangu.

Ilikuwa Novemba, shule zikikaribia kufungwa, Mama Wairimu alipomwomba Ng'eno asimulie siku ile ya hospitali tangu alipofika. Aliona nini, basi. Ng'eno akaanza vizuri. Aliona taa ya chumba cha upasuaji. Aliona benchi, na mwanamume mwingine amelala juu yake. Aliona muuguzi akitoka na shuka la kijani. Kisha akaona karani mwenye fomu, na karani akauliza kama wanamchukua mtoto au wanaiachia hospitali. Alimpigia mamake simu, na mamake akamwambia mtoto ambaye hajapumua haletwi nyumbani, haijawahi kufanywa, amwache. "Nikaona kalamu," Ng'eno akasema. "Nikaweka sahihi."

Mama Wairimu aliweka chini ile kazi yake ya manjano, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Mama, rudia," akaniambia kwa sauti ndogo.

Sikurudia. Nilimuuliza Ng'eno, "Pale kwenye jiwe kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu. Ni jiwe tu. Ukiwa umelala pale kitandani uliniuliza yuko wapi, nikashindwa kusema. Nikasema nyumbani. Mama akatafuta jiwe kabla urudi."

Miezi minane. Nilikuwa nimemwagilia udongo mtupu miezi minane, nikiimba, na watu wawili wakinitazama wakijua. Aibu ndiyo iliyonipata kwanza, kabla ya hasira, aibu ya mtu aliyekutwa akiongea peke yake njiani. Nilisimama, nikapita pazia, nikapita wanunuzi wa dawa, nikatoka. Tulipofika Kericho mjini hatukuagana. Yeye alishika njia ya Kiptere na mimi nikapanda gari la Sotik na nguo nilizovaa, nikafika Chepilat kabla jua halijatua.

Mama yangu hakuuliza. Alisonga ugali wa wimbi, akachemsha mboga ya chinsaga kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha, akaniwekea nyingi. Nilikula kwake kama Ng'eno alivyokula kwa mamake, na nilijua, na sikujali. Shule ikafungwa nikiwa nimetuma udhuru. Asubuhi moja nikiwa ndani nilimsikia jirani akimuuliza mama uani.

"Amerudi?"

"Amekuja kupumzika."

"Bila mzigo?"

"Mzigo ako nao. Ni vile hauoni."

Ng'eno alipiga simu kila siku saa saba, wakati kituo kinapofungwa kwa chakula. Sikuipokea. Wazee wake walituma neno kwamba wako tayari kuja na kuzungumza, na mama akanitazama akingoja niseme wageni wapikiwe au la. Nilisema la. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa hata nimeandika barua ya kuomba uhamisho niende shule ya karibu na kwetu, ikawa ndani ya mkoba, haijatumwa kwa sababu posta ilikuwa imefungwa Jumamosi ile. Na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na mwili ulishazoea, nilijikuta nimeamka mapema na kwenda Kedowa peke yangu. Nilitaka kumwambia Mama Wairimu kwamba imekwisha. Mtu akikukaribisha, ni adabu kuaga.

Alinimiminia chai, akanisikiliza. Nilimweleza yote, uongo, jiwe, barua. Nilimngoja aniambie nirudi, ili nikatae.

"Mimi sina dawa ya kurudisha mtu," akasema. "Ukienda, enda. Lakini acha nikuulize kitu. Mtoto, wewe ulimwona?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimelala."

"Mama mkwe alimwona?"

"Hapana. Alikuwa nyumbani."

"Mamako?"

"Hapana."

"Sasa nani alimwona?"

Nilifungua mdomo kusema hakuna, kisha nikaufunga. Mama Wairimu aliendelea kufuma. Miaka yote tangu hapo, kila ninapokutana na mtu anayesema mshauri ni wa kukupa mashauri, nakumbuka kikombe kile cha chai, na naona haya hata leo. Kwa miezi minane nilikuwa nimedai kaburi. Sikuwa nimeuliza mtoto wangu alikuwa na sura gani, na mtu mmoja tu chini ya jua ndiye aliyeijua, na huyo ndiye niliyekuwa naenda kumwacha.

Saa saba simu ilipolia nikaipokea. Nikamwambia, "Kuja Kedowa Jumamosi ijayo."

Nilipofika alikuwa ameshaketi, shati limepigwa pasi vibaya. Nimeishi naye miaka mingi tangu siku ile, ana mvi sasa, tulipata watoto wawili wa kiume wenye kelele, na mamake nilimsamehe polepole, mwishowe kabisa nikiwa namwogesha katika ugonjwa wake. Lakini nikitaka kumwona Ng'eno kweli, huwa namwona pale, kwenye kile kiti cha mbao, ameshika magoti yake. Mama Wairimu alifunga dirisha. Mimi sikungoja masharti.

"Alikuwa anafanana na nani?"

Ng'eno alinitazama, na nikaona ameelewa, na nikaona pia kwamba alikuwa amengoja swali hilo tangu Machi na akakata tamaa ya kuulizwa.

"Wewe," akasema. "Sikio la huku lilikuwa limekunjwa hapa juu, kama yako. Nywele nyingi, mweusi sana. Kucha alikuwa nazo zote. Walinipa nikamshika nikiwa kwa ile benchi, na huko kulikuwa na baridi, ile upepo ya asubuhi, nikatoa koti nikamfunika. Nilijua hasikii baridi. Lakini nikamfunika."

"Ulimshika kwa muda gani?"

"Mpaka wakamaliza kukushona. Nilikuwa namwambia mama yako anakuja, mama yako anakuja."

Mama Wairimu alikuwa amevua miwani. Kwa Wakipsigis mtoto hupewa jina kwa saa aliyozaliwa, na asiyepumua hapewi, kama asivyozikwa nyumbani. Hilo la jina nilikuwa nimelijua tangu mwanzo na ndiyo maana sikuwahi kuthubutu kuuliza.

"Nilimpa jina," Ng'eno akasema. "Haikufaa nifanye hivyo, haifanywi. Lakini ilikuwa saa moja na nusu, nikajua nyumbani ng'ombe zinatoka kwenda malisho. Huyo ni Chepng'etich. Nikamwita tu, mara moja, pale kwa benchi. Hakuna mtu alisikia."

Kwetu, na kwao pia, mtoto asiyejua kusema akiitwa, aliyembeba ndiye huitika badala yake. Nilivuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikaita kwa sauti, kama mama anavyoita akiwa jikoni, "Chepng'etich!"

Na Ng'eno, machozi yakimdondoka kwenye shati, akaitika.